Picha Iliyo Nyuma ya Kioo

Historia haikai vitabuni peke yake. Hukaa pia juu ya milango, nguo, vyombo, majahazi na vioo. Na aghalabu yule aliyeiweka hapo hakujua kuwa alikuwa akiandika historia. Alikuwa akitafuta riziki. Mchoraji wa bango la duka la nyama hutaka wateja waingie. Akishalipwa ujira wake huosha brashi akaenda zake. Miaka 50 ikipita, duka limefungwa, mwenye duka amefariki, bei zimesahauliwa, na bango lile lililobabuka ndilo shahidi pekee aliyebaki. Hapo ndipo watu wawili husimama mbele yake, mmoja akisema litupwe na mwingine akisema litengenezwe. Insha hii yahusu mashahidi wa namna hiyo, na hasa aina moja iliyo dhaifu kuliko nyingi: picha iliyopigwa chapa nyuma ya kioo.

Kijana wa Murera apandaye matatu asubuhi kwenda Ruiru au Thika huona michoro mingi kabla jua halijapanda. Huona nyuso za wachezaji wa mpira na waimbaji ubavuni mwa magari, maneno ya sala na ya mzaha juu ya vioo vya nyuma, majina ya shule kifuani mwa fulana, na alama za viwanda juu ya magunia. Huviona vyote, lakini havitazami, kwa maana mazoea ni pazia zito. Hata hivyo, kama siku moja ataona kwamba herufi moja imebanduka kiooni, na kwamba jina lililokuwa likisomeka jana leo limekuwa na pengo, amekwisha kufika mlangoni pa swali letu: picha ikiharibika, ni nani mwenye haki ya kuitengeneza, na aitengeneze kwa kiasi gani?

Ili tulijibu swali hili yatupasa kwanza kujua jinsi picha yenyewe ilivyofanywa, maana fundi asiyejua jengo lilivyojengwa hawezi kuziba ufa wake.

Njia ya kupiga chapa kwa wavu ina mizizi katika kazi ya kale ya kupaka rangi juu ya karatasi iliyotobolewa. Kata umbo la jani katikati ya karatasi ngumu, iweke karatasi juu ya nguo, pitisha rangi. Ukiinua karatasi, jani limebaki juu ya nguo. Karatasi hiyo tunaiita kiolezo. Sasa jaribu kukata herufi O. Utaona taabu mara moja: ukishakata mviringo, kipande cha kati huanguka, nawe hubaki na shimo tupu badala ya herufi. Kile cha kati ni kama kisiwa, na kisiwa chahitaji daraja. Mafundi wa Japani, waliotia nakshi nguo kwa violezo vya karatasi iliyoimarishwa kwa maji ya tunda, waliacha vijidaraja vyembamba vya karatasi. Baadaye wakajua kuunga visiwa vyao kwa nyuzi za hariri zilizo nyembamba hata rangi ikapita pembeni mwake bila kuacha alama.

Kutoka nyuzi chache hadi wavu mzima hapakuwa mbali. Mwaka 1907 Samuel Simon, mtu wa Manchester katika Uingereza, alipewa hataza ya kutumia kitambaa cha hariri kilichotandwa juu ya fremu ya mbao. Sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi huzibwa. Sehemu za picha huachwa wazi. Kisha rangi nzito husukumwa juu ya wavu kwa kibao chenye ukingo wa mpira, ikapenya na kushuka juu ya kitu kilichowekwa chini. Kila rangi ilihitaji wavu wake. Picha ya rangi sita ilipita chini ya nyavu sita, na kila mara fundi alihakikisha kuwa alama za pembeni zimeangukiana sawasawa, la sivyo midomo ya mtu ingechapwa juu ya shavu lake.

Ubora wa njia hii ni kwamba haichagui mahali pa kufanyia kazi. Huchapa juu ya karatasi, mbao, bati, ngozi, nguo na kioo. Viwanda vya nguo viliigeuza iwe mashine kubwa, na kuanzia miaka ya 1960 vikauviringisha wavu wenyewe kuwa mcheduara wa chuma unaozunguka bila kupumzika. Mafundi wadogo walibaki na fremu zao za mbao, na hata leo ukipita River Road mjini Nairobi utawaona wakichapa fulana za mashindano, za harambee na za kampeni. Wachoraji wakubwa nao waliichukua: Andy Warhol wa Marekani alianza kuitumia mwaka 1962, na kazi zake zikaingia katika makumbusho. Mtu aliyevaa fulana ya shule iliyochapwa River Road na mtu aliyetundika ukutani kazi ya Warhol wamepokea urithi mmoja.

Tuje sasa kwenye kioo. Katika karne ya 18 matajiri wa Ufaransa walikuwa na mchezo wa kusukuma gololi juu ya meza iliyoinamishwa, yenye misumari na mashimo. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati huko Marekani, alipewa hataza ya kuutengeneza vizuri zaidi, na mojawapo ya mambo aliyoyaweka ni chuma chenye springi cha kurushia gololi. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine ndogo ya kuweka juu ya kaunta, iliyoitwa Baffle Ball. Miaka ile ilikuwa ya dhiki kuu. Kazi zilikuwa zimeadimika, na mtu asiyeweza kununua tikiti ya mchezo wa kuigiza aliweza kununua dakika chache za furaha kwa senti moja. Mashine zikauzwa kwa makumi ya maelfu. Ndio mwanzo wa mchezo uitwao pinboli.

Umeme ulipoingia katika mashine hizo miaka ya 1930, zilipata kichwa: sanduku lililosimama nyuma ya meza ya mchezo, lenye kioo kilichochapwa picha na kumulikwa kwa taa kutoka ndani. Kioo hicho kilikuwa na kazi mbili. Kilionyesha hesabu ya mchezaji, na kilimwita mpita njia. Katika ukumbi wenye mashine 20 zilizopangwa ukutani, picha ndiyo iliyoamua sarafu itaingia wapi. Kwa hiyo makampuni yaliajiri wachoraji hodari. Roy Parker, aliyevichora vioo vingi vya Gottlieb, alijaza kila nafasi watu, wanyama, bendera na mizaha midogo ambayo mchezaji angeigundua baada ya kucheza mara nyingi. Mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, ya mwaka 1947, ilileta vibawa vya kuipiga gololi kwa kubonyeza vitufe, na tangu hapo ustadi wa mchezaji ukapata nafasi kubwa kuliko bahati.

Baadaye zikaja mashine za skrini. Kampuni ya Atari ilitoa Pong mwaka 1972. Taito ya Japani ikatoa Space Invaders mwaka 1978. Namco, nayo ya Japani, ikatoa Pac-Man mwaka 1980. Picha za skrini za siku zile zilikuwa duni, nukta na vijiti tu; hivyo kioo kilichochapwa kilizidi kuwa na kazi. Mchezaji alitazama kwanza majitu na nyota zilizochapwa juu na kando ya skrini, akaingia mchezoni akiwa tayari ameona katika fikira kile ambacho skrini haikuweza kumwonyesha. Katika toleo moja la Space Invaders picha ya skrini ilirudishwa na kioo mbele ya mandhari ya mwezi iliyochorwa, hata maadui wakaonekana kuelea angani.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo ndilo ufunguo wa kazi yote ya ukarabati. Picha hizo hazikuchapwa mbele ya kioo. Zilichapwa nyuma, ili mikono ya wachezaji isizifute. Chukua kipande cha kioo, uandike jina lako upande wa nyuma ili mtu wa mbele alisome. Kwanza yakubidi uandike kinyume, kama mtu ajionaye katika kioo cha kujitazamia. Pili, na hili ndilo kubwa, yakubidi ugeuze utaratibu wa kazi. Mchoraji wa karatasi hupaka anga kwanza, kisha mlima, kisha mti, na mwisho huweka mstari mweusi wa ukingo. Mchapaji wa kioo huanza na mstari ule mweusi, kwa sababu lile tabaka la kwanza ndilo litakalokuwa karibu zaidi na jicho. Kisha hufuata rangi moja moja. Baada yake huja tabaka jeupe la kuzipa rangi nguvu. Na mwisho tabaka zito la kuzuia nuru mahali pasipotakiwa kung'aa. Yaliyo ya mwisho kwa mchoraji ni ya kwanza kwa mchapaji. Kosa la kwanza haliwezi kufunikwa na la pili, maana la kwanza ndilo lililo mbele.

Vioo hivyo vilivyopendwa viliwahi pia kuchukiwa. Baadhi ya mashine za pinboli zililipa fedha, na hata zile zisizolipa zilichezewa kwa kuwekeana dau. Wazazi walilalamika kwamba watoto walikuwa wakiacha fedha za chakula cha mchana ndani yake. Mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia wa New York alizipiga marufuku. Polisi walizikusanya kwa maelfu, na meya mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo mbele ya waandishi wa habari. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1976, wakati kijana mmoja, Roger Sharpe, aliposimama mbele ya wajumbe wa baraza la mji, akataja njia ambayo gololi itapita, akairusha, nayo ikapita pale pale. Wakakubali kuwa mchezo ule ni wa ustadi. Leo mashine za namna ile ile iliyovunjwa hutunzwa katika makumbusho, kama vile The Strong katika mji wa Rochester, jimbo la New York, na Pacific Pinball Museum huko Alameda, California. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Basi mashine iliyookoka nyundo haikuokoka wakati. Adui wa kwanza wa kioo chake ni taa zile zile zilizokipa uzuri. Wino hauwi kitu kimoja na kioo. Hushikamana nacho kwa nje tu, kama utando. Taa ikiwaka, kioo na wino hupata moto na kutanuka, lakini wino hutanuka mara kadhaa kuliko kioo. Taa ikizimwa, vyote hunywea. Wino ukiwa mpya una unyumbufu, hivyo huvumilia. Ukizeeka hukauka, ukawa mgumu kama ganda la yai, na kila kuwashwa kwa taa kukaupasua kidogo. Balbu iliyotumika sana katika mashine hizo, iliyojulikana kwa namba 44, ilitumia volti 6.3 na ampea 0.25, yaani wati 1.6 hivi. Balbu namba 47 ilitumia volti zile zile na ampea 0.15, yaani chini ya wati 1. Joto lake ni pungufu kwa asilimia 40. Tofauti hii ni ndogo ukiitazama katika balbu moja, lakini katika sanduku lililofungwa lenye balbu nyingi zinazowaka usiku na mchana kwa miaka 20, ndiyo tofauti kati ya picha nzima na picha iliyopukutika.

Adui wa pili ni unyevu, ambao hupenya chini ya wino palipo na ufa na kuuinua. Adui wa tatu ni mtu mwenye nia njema. Huyu hukiona kioo kimejaa vumbi, akachukua kitambaa kibichi na sabuni, akasugua upande wa nyuma. Kwa dakika moja hufagia kilichosalimika miaka 40. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kazi hii yafaa tuongeze kwamba mzibaji asiyejua huongeza ufa.

Fundi mwenye busara huanza kwa kutofanya lolote. Hulaza kioo juu ya meza, upande wa wino ukiwa juu, wala hakisimamishi ukutani. Kabla ya kugusa hupiga picha: moja kwa nuru ya mbele, nyingine kwa nuru ya nyuma, pamoja na kipimo cha urefu na cha rangi. Huandika ni wapi wino umepasuka, wapi umeinuka, wapi umetoka kabisa. Hukusanya vipande vilivyoanguka ndani ya sanduku, kwani kipande kidogo kama ukucha chaweza kumwonyesha rangi ya asili ambayo haikuchakaa kwa nuru. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa picha.

Kazi ya pili ni kuushika wino usizidi kuanguka. Wenye mashine wengi hupuliza varnishi angavu juu ya upande wa nyuma, tabaka jembamba moja baada ya jingine, wakingoja kila tabaka likauke. Njia hii imeokoa vioo vingi, tena imeharibu vingine, kwa kuwa kiyeyushi kilichomo katika varnishi chaweza kuulainisha wino wa zamani na kuukunja. Tena varnishi ikishakauka ni vigumu kuiondoa bila kuondoa picha pamoja nayo. Kwa sababu hiyo watu wa makumbusho hupendelea gundi ziwezazo kuyeyushwa tena baadaye, kama ile iitwayo Paraloid B-72, na hata hiyo huijaribu kwanza katika pembe iliyofichwa na fremu. Kanuni yao ni fupi: usitie kitu ambacho fundi wa kesho hataweza kukitoa.

Kazi ya tatu ni kujaza mapengo, na hapa ule utaratibu uliogeuzwa hudai heshima yake. Palipotoka matabaka yote, fundi huanza na mstari mweusi, kisha rangi, kisha nyeupe, kisha tabaka la kuzuia nuru. Hupaka kwa nyuma huku akitazama mbele kwa msaada wa kioo cha kujitazamia kilichowekwa upande wa pili. Kulinganisha rangi ni mtihani wake mkubwa. Nyekundu iliyolingana kabisa mchana, nuru ikianguka kwa mbele, huweza kuonekana kama doa jeusi usiku taa ikiwaka nyuma yake, kwa sababu fundi amepaka nene mno. Hivyo yampasa ajaribu kila rangi mara mbili, kwa nuru ipigayo na kwa nuru ipenyayo, na asiridhike mpaka zote mbili zikubaliane.

Kioo kikiwa kimeharibika kupita kiasi, ipo njia ya nne: kukichora upya. Picha husomwa na kompyuta, kila rangi hutengwa na nyenzake, nyavu mpya hutengenezwa, na kioo kipya kikachapwa. Kazi hiyo ikifanywa vema, mgeni hawezi kutofautisha kipya na cha kale. Na hapo ndipo taabu ilipo.

Maana ukarabati ni suala la ukweli kabla ya kuwa suala la rangi. Waitaliano walilikabili jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1944 mabomu yaliliangukia kanisa moja katika mji wa Viterbo, na michoro ya ukutani ya karne ya 15 ikavunjika vipande maelfu. Mafundi wa taasisi ya ukarabati ya Roma walivikusanya vipande wakavirudisha mahali pake; na palipokuwa hapana kipande walijaza kwa mistari myembamba iliyosimama wima, iliyopakwa kwa rangi ya maji. Mtu akisimama mbali huiona picha nzima. Akikaribia huiona mistari, akajua mara moja kipi ni cha mchoraji wa kale na kipi ni cha fundi wa jana. Cesare Brandi, aliyeiongoza taasisi hiyo, aliyaeleza mawazo yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Mwaka 1964 wataalamu wa nchi nyingi, waliokutana Venice, walikubaliana kuwa ukarabati hauna budi kukoma pale kubahatisha kunapoanza.

Mwenye mashine ya mchezo huweza kujibu: "Mimi sina kanisa. Nina mashine, na mashine ilifanywa iwake na kupendeza. Kioo chenye mapengo kinamdhulumu aliyekichora." Neno lake si la kupuuzwa. Chombo kilichofanywa kwa matumizi hupoteza sehemu ya maana yake kikiacha kutumika. Lakini mwanahistoria naye ana neno: kioo kipya chatueleza jinsi picha ilivyokusudiwa kuonekana, kioo cha kale chatueleza yaliyoipata. Mkwaruzo pembeni, sehemu iliyopauka kwa sababu iliyaelekea madirisha, kiraka cha fundi wa kwanza, hayo yote ni ushahidi. Nionavyo mimi, haki ya pande zote mbili hupatikana kwa sharti moja: nakala na ijitambulishe kuwa ni nakala, na kile cha asili, hata kikiwa nusu, kisitupwe. Atakayechapa kioo kipya na aandike mwaka wake pembeni, penye kufichwa na fremu. Mstari mmoja wa maandishi hautaharibu uzuri, lakini utamwokoa mtafiti wa baadaye asidanganyike.

Sasa turudi nyumbani. Mnamo mwaka 2018 serikali ya Kenya ilifanya msako mkubwa wa mashine za kamari zilizokuwa zimeenea katika vituo vya biashara mijini na vijijini. Zilikuwa na nyuso za taa na picha za matunda yanayong'aa, na zilimeza sarafu za shilingi 20. Wazazi walilia kwamba watoto walikuwa wakipoteza nauli na fedha za karo humo. Mashine hizo zilikamatwa kwa wingi, zikavunjwa na kuteketezwa kwa moto hadharani. Msomaji aliyesoma habari za New York ya mwaka 1942 ataona kwamba ni kisa kile kile kilichovaa nguo nyingine: nyundo, umati, kamera, na picha zikipasuka.

Sisemi kwamba moto ule ulikuwa kosa. Mama aliyepoteza fedha za unga hawezi kuambiwa aukumbuke uzuri wa mashine iliyozimeza. Lakini mwanafunzi wa historia ana swali lake: miaka 50 ijayo, mtu atakapotaka kujua ni kitu gani kilichowavuta vijana wa Kenya hata wakaacha masomo, ataonyeshwa nini? Maneno yetu peke yake hayatatosha. Akiambiwa kwamba mashine ilikuwa mbaya, atauliza ni kwa nini basi watu waliikimbilia. Na jibu la swali hilo lilikuwa katika uso wake, katika rangi zake, katika ahadi iliyochorwa ili mtoto aiamini. Mashine moja iliyozimwa, ikawekwa katika makumbusho na maelezo ya madhara yake, ingefundisha kuliko hotuba mia moja. Kuhifadhi si kusifu. Minyororo ya watumwa huhifadhiwa, wala hakuna anayedhani kwamba mhifadhi wake anaupenda utumwa.

Na vile tunavyovipenda je? Mwezi Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutumika kanuni mpya za matatu. Kila gari lilitakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, pamoja na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo. Kanuni hizo zilileta utulivu uliohitajiwa sana barabarani. Lakini michoro mingi ya magari ilifutwa, na ingawa baadaye michoro ilirudi, iliyorudi haikuwa ile iliyofutwa. Ni nani aliyeandika jina la mchoraji, na la gari, na la mwaka? Wachache mno. Mafundi wa ukarabati waweza kufanya maajabu kwa varnishi, kwa brashi na kwa kompyuta, lakini hakuna fundi awezaye kurudisha kitu kisichoachwa hata kwa picha moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ukarabati haihitaji fedha wala maabara. Mwanafunzi wa Murera, wa Ruiru au wa Thika aweza kuifanya akiwa na daftari na kamera ya simu. Na atafute bango la zamani lililobabuka, leso ya bibi yenye chapa ya kiwanda kilichofungwa, kioo cha kinyozi kilichoandikwa kwa mkono. Asikisugue wala asikipake. Na akipige picha kwa nuru ya mbele na ya nyuma, akipime, aulize ni nani aliyekifanya, mwaka gani, kwa malipo gani, na watu walikionaje. Majibu na ayaandike siku ile ile, kwa maana wazee nao ni kama wino ule: wameshikamana nasi kwa muda, na kila siku kipande kidogo huondoka.

Aliyechapa kioo alianza na kile kitakachoonekana mbele, akamalizia na kile kitakachofichika. Sisi tusomao historia twaenda kinyume chake. Twaanza na uso unaong'aa, kisha twapenya tabaka baada ya tabaka, mpaka tumfikie mtu aliyesimama nyuma, mwenye wino mikononi, akifanya kazi yake kinyumenyume ili sisi tuione ikiwa sawa. Huyo ndiye tunayemtafuta. Na picha yake ikianguka yote kabla hatujafika, hatutamwona tena.